Brashi Hufia Shingoni: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita nilidokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba brashi chafu huiharibu sura kuliko faundesheni ya hovyo. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua chache. Zile zilizotaka niwatajie chapa ya kununua nimeziweka kando. Brashi ya chapa yoyote ikikaa na uchafu itanuka tu.

Swali: Shikamoo dada. Napaka mekapu kila siku ya kazi. Rafiki yangu huosha brashi zake kila akimaliza kuzitumia, mama naye anasema mara moja kwa mwezi inatosha sana. Nimsikilize nani? — Niliye Katikati

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mama, kwa heshima zote, tumwache kwanza. Madaktari wa ngozi wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Dermatology, wanashauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10, na kwa mtu anayejipamba mwenyewe sioni sababu ya kubishana nao. Mimi naongeza mgawanyo mmoja. Brashi ya poda, ya blasha na ya rangi za kope inaweza kungoja siku hizo. Ile inayogusa kitu cha majimaji au krimu, yaani faundesheni na konsila, isingoje; ioshe mara mbili kwa wiki ukiweza.

Poda ni kavu, na vijidudu havipendi ukavu. Krimu inakuja na maji na mafuta yake. Ikichanganyika na jasho, mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, vyote hukaukia katikati ya brashi, na kesho yake unaweka tabaka jipya juu ya la jana. Huhitaji darubini kuliona hilo. Shika brashi yako ya faundesheni, zipanue nyuzi kwa kidole gumba mpaka chini kabisa, karibu na bati. Ukikuta juu laini lakini chini zimegandamana vishada vishada, hapo ndipo ulipokaa ule mwezi mzima wa mama.

Rafiki yako hakosei, ila anajichosha bure, na brashi za manyoya hazipendi kuloa kila siku. Afute kwa kitambaa kikavu kila akimaliza, kuosha kuwe kwa zamu.

Swali: Habari ya kazi, dada. Mimi ni mwanaume, huwa nasoma gazeti hili mke wangu akishalimaliza. Nilitaka kumfurahisha, nikaloweka brashi zake zote kwenye maji ya moto na sabuni ya unga usiku kucha. Asubuhi nikazisimamisha kwenye glasi zikauke. Sasa moja imechomoka kichwa, mbili zinapukutika nyuzi kila ukizigusa, na mipini imebanduka rangi. Bado hajajua. Nifanyeje? — Mume Mwenye Nia Njema

Jibu: Pole, shemeji. Jambo la kwanza halihusu brashi: mwambie leo hii. Umesema gazeti ni lake na yeye ndiye anayeanza kulisoma.

Sasa tuitazame ajali yenyewe, maana umefanya kwa usiku mmoja yale ambayo wengi huyafanya polepole kwa mwaka. Brashi ina kichwa, ina mpini, na katikati ina shingo, lile bomba la bati linalong'aa. Mara nyingi huwa alumini, au shaba iliyopakwa ing'ae kama fedha. Shingo ndiyo brashi yenyewe. Ndani yake, usipopaona, mashina ya nyuzi yameshikwa kwa gundi; upande wa pili mpini umechomekwa, ukatiwa gundi, na bati likabanwa kwa nje. Ile mikunjo midogo unayoisikia ukipitisha ukucha ni alama za kubanwa huko.

Maji ya moto hulegeza gundi. Mbao ya mpini ikilowana usiku kucha huvimba, ikikauka hunywea, na rangi haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka na kubanduka. Na ulipozisimamisha kwenye glasi vichwa vikiwa juu, maji yote yaliyobaki kwenye nyuzi yalishuka shingoni yakajaa humo. Watu wengi wanaoosha vizuri kabisa wanaangukia hapo pa mwisho. Wanaiosha brashi kama inavyotakiwa, kisha wanaiua wakati wa kuikausha.

Iliyochomoka kichwa inaweza kurudi. Iache ikauke kweli kweli, ndani ya bati pia. Kwangua mabaki ya gundi ya zamani kwa ncha ya kijiti, weka gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, kidogo tu pembeni mwa mbao, kisha sukuma mpini urudi mahali pake na uilaze mpaka kesho yake bila kuigusa. Zinazopukutika sikudanganyi: hazina dawa. Brashi mpya huangusha nyuzi chache inapooshwa mara ya kwanza na hilo ni la kawaida, lakini inayoacha nyuzi mashavuni kila ikipita, gundi yake ya ndani imekwisha. Mnunulie nyingine.

Kuhusu sabuni ya unga: hiyo ni ya nguo. Ni kali, ina alkali nyingi, na brashi ya manyoya ya mbuzi au ya kindi ni nywele kama za kichwani kwako. Magamba yake hufunguka, nywele zikakauka na kuanza kukwaruza uso.

Swali: Dada, watu wanasema tu "osha kwa shampuu" halafu basi. Naomba unieleze kama unayemwelekeza mtu aliyesimama karibu nawe kwenye sinki. — Nataka Kuona kwa Macho

Jibu: Haya, simama hapa. Tuanze na ile ngumu, brashi ya faundesheni.

Maji yawe ya uvuguvugu, na kichwa cha brashi kielekee chini muda wote, shingo ikiwa juu ya mkondo wa maji. Lowesha nyuzi tu. Weka tone la shampuu ya watoto katikati ya kiganja, bonyeza brashi hapo na uizungushe taratibu mpaka nyuzi zifunguke zote. Usiisugue mbele na nyuma kama unayepiga deki. Povu la kwanza litatoka na rangi ya ngozi yako, zito, karibu kama faundesheni yenyewe. Suuza. Weka tone la pili, zungusha tena. Safari hii povu linapauka. Watu wengi huacha hapo kwa sababu kiganja kinaonekana safi. Ibane brashi kwa vidole viwili chini kabisa, palipo karibu na bati, ukivuta kuelekea nchani, na utaona rangi nyingine inachirizika. Endelea mpaka ukibana hapo maji yatoke meupe. Mimi huwa natazama maji yanayotoka karibu na bati tu, povu silihesabu.

Kama faundesheni yako ni ile isiyotoka kwa maji, au yenye silikoni nyingi, shampuu peke yake itateleza juu yake. Anza na mafuta. Matone mawili ya mafuta ya zeituni kwenye kiganja yanatosha, zungusha brashi ikiwa kavu, uone rangi inavyoachia, kisha ndipo ulete sabuni. Hapo hata sabuni ya maji ya vyombo naikubali, tone moja, kwa brashi za nyuzi za nailoni. Za manyoya usiziguse nayo. Halafu hakikisha mafuta yametoka yote. Mafuta yakibaki, poda itaganda mabonge mabonge.

Umesuuza. Sasa bana kwa taulo, usisokote. Rudisha umbo kwa vidole: kilichokuwa bapa kiwe bapa, kilichokuwa na ncha kiwe na ncha, kwa sababu nyuzi zitakauka vile utakavyoziacha. Kisha zilaze kwenye ukingo wa meza, mipini juu ya meza, vichwa vikining'inia nje hewani. Ukilaza kichwa juu ya taulo, upande wa chini unabaki na maji na brashi inakauka ikiwa imebinuka. Ukiweza kuinamisha mipini kidogo ili vichwa viwe chini zaidi ya shingo, ni bora zaidi. Weka kivulini penye upepo. Jua kali hupasua rangi ya mpini, na mashine ya kukaushia nywele ikiwa ya moto inairudia kazi ya yule shemeji yetu.

Brashi ndogo za macho hukauka usiku mmoja. Kubwa nene za poda zinaweza kutaka siku nzima au zaidi. Zinadanganya hizo: nje kavu, katikati bado baridi. Igusishe mdomoni juu, pale ngozi ni nyepesi. Ukisikia ubaridi, iache.

Kiyoyozi cha nywele? Kidogo, kwa manyoya tu, mara mojamoja. Kwenye nailoni hakifanyi lolote zaidi ya kuacha utelezi.

Swali: Shikamoo. Nimeanza kupamba wateja. Kati ya mteja na mteja nanyunyiza spiriti tu halafu naendelea. Inatosha? Na mwenzangu anasema niache ya asilimia 70 nitumie ya 99 kwa sababu ina nguvu zaidi. — Mpambaji Mgeni

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kazi. Ukishashika uso wa mtu mwingine, kanuni zinabadilika, kwa hiyo nitakuwa mkali kidogo.

Mwenzako anakosea kwa jambo linalowashangaza wengi. Spiriti ya asilimia 70 huua bakteria vizuri zaidi kuliko ya 99. Ile kali huruka upesi mno kabla haijafanya kazi, tena hugandisha haraka protini za nje za kijidudu, na yaliyo ndani yakasalimika. Yale maji yaliyomo kwenye ya 70 ndiyo yanayoipa muda wa kukaa na kupenya. Kwa hiyo nyunyiza mpaka nyuzi zilowe kweli, na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta mara moja umepoteza spiriti yako. Na isiwe karibu na moto wala mshumaa, wala usilete brashi yenye spiriti mbichi kwenye jicho la mtu.

Ila spiriti haioshi. Juu ya mafuta na faundesheni iliyokauka inapita tu. Kilicho chini ya tabaka hilo hakiioni. Uchafu utoke kwanza, ndipo spiriti ije. Sasa, huwezi kuosha na kukausha brashi wakati mteja wa pili amekwisha kukaa kwenye kiti. Jibu langu ni moja na halipendezi: uwe na seti zaidi ya moja. Seti iliyotumika inaingia kwenye mfuko wake, inasubiri sinki jioni. Mpaka uwe nazo, pokea wateja wachache.

Seti ya kazi iwe ya nyuzi za nailoni. Zinavumilia spiriti na kuoshwa kila siku. Manyoya yanakuwa makavu na kukatika. Ya manyoya mazuri baki nayo nyumbani kwa uso wako. Yana magamba yanayoshika poda vizuri na kuiachia taratibu, na kwa poda laini bado sijaona nailoni inayonifurahisha kiasi hicho.

Kuna vitu brashi haihusiki navyo kabisa lakini nitavisema hapahapa. Maskara: kijiti kipya cha kutupa kila mara unapochovya, si kila mteja, kila kuchovya. Lipstiki: ikwangue, uiweke kwenye kibao, upake kutoka hapo. Mteja mwenye jicho jekundu linalotoa tongo, au malengelenge mdomoni, mwambie kwa upole kwamba sehemu hiyo huigusi leo. Akikasirika, mwache akasirike.

Wengi wananiuliza pia kuhusu yale masanduku ya kuua vijidudu kwa mwanga wa urujuanimno (UV). Mwanga huua pale unapofika. Katikati ya brashi nene haufiki.

Swali: Dada yangu, mimi situmii brashi, ni sponji tu. Naiosha kila wiki lakini nilipoibana juzi niliona vidoa vyeusi ndani. Je, nikiitia kwenye maikrowevu itapona, kama nilivyosikia? — Wa Sponji

Jibu: Itupe. Usiichemshe, usiitie maikrowevu, usiiloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo. Vidoa hivyo ni ukungu, na ukishaota ndani ya matundu hautoki wote. Maikrowevu, zaidi ya hayo, inaweza kuichoma sponji iliyokauka, na aliyekuambia hivyo asije akakuambia utie na brashi, maana ile shingo ni bati.

Sponji ndiyo kifaa ninachokihofia kuliko vyote kwenye meza ya mekapu. Kazi yake ni kutumiwa ikiwa na majimaji, inafyonza, na kwa kawaida inarudishwa kwenye kikoba kilichofungwa ingali imelowa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston kule Birmingham, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vipodozi 467 vilivyokwisha kutumika, vikiwemo lipstiki, maskara, wanja wa majimaji na sponji hizi. Katika sponji, asilimia 93 hazikuwahi kuoshwa hata mara moja, na asilimia 64 zilikuwa zimeanguka sakafuni na kuendelea kutumiwa. Ukisoma hivyo unaelewa kwa nini sponji ndizo zilizoongoza kwa uchafu.

Mpya utakayoipata, ioshe kila baada ya kuitumia: lowesha, sugua sabuni laini, kamua, rudia mpaka maji yatoke safi, kamua kwa taulo, iweke wazi penye hewa. Kikoba ni cha safari tu. Baada ya miezi kama 3 ibadilishe hata kama bado inakupendeza, na mapema zaidi ikianza kupasuka, kwa sababu mipasuko ndiyo makazi.

Swali: Chunusi zimenijaa mashavuni tu, pale ninapopaka blasha. Ni brashi? — Mashavu Mawili

Jibu: Inawezekana, na ni rahisi kuthibitisha. Osha brashi hiyo leo, na kila wiki kwa mwezi mmoja, bila kubadilisha kipodozi chochote. Foronya ifue pia, na simu unayoibandika shavuni ifute. Zikipungua, umepata jibu. Zisipopungua, huenda blasha yenyewe ndiyo haikufai, au kuna jambo la homoni ambalo mimi kwa brashi zangu siwezi kuliona. Nenda kwa daktari wa ngozi. Kwa sasa usizisugue, na usitumie brashi ya nyuzi ngumu. Mkwaruzo peke yake unatosha kuzichokoza.

Swali: Poda yangu ya kubana imeota gamba gumu linalong'aa juu, brashi inateleza tu haichoti kitu. Imeharibika? — Bado Nusu Imebaki

Jibu: Haijaharibika. Hayo ni mafuta ya uso wako, yamesafiri kwa brashi mpaka kwenye poda na kushindiliwa hapo kila siku. Chukua kipande cha selotepu, kibandike juu ya gamba bila kukandamiza sana, kibandue. Rudia mpaka poda laini itokeze. Kisha osha brashi kabla ya kuichovya tena, la sivyo gamba litarudi. Kama poda ina harufu iliyobadilika, au tarakimu kwenye ile picha ya kikopo kilichofunguliwa kifuniko, 12M kwa mfano, ambayo ni miezi 12 tangu kuifungua, imepitwa mbali, hapo itupe.

Swali: Dada, nikisafiri brashi zangu hufika zimetawanyika kama zimepigwa na upepo. Nikiziosha zinarudi, safari inayofuata tena hivyohivyo. — Wa Mabegi

Jibu: Zinalala kichwa juu ya kichwa ndani ya mfuko, ndiyo maana. Tafuta zile soksi nyembamba za wavu zinazovishwa brashi. Ivishe kwa kuanzia mpinini, uipandishe mpaka ivuke ncha. Ukiivuta kutokea nchani utazikunja nyuzi zilezile unazotaka kuzilinda. Huna soksi, viringisha kipande cha karatasi laini kuzunguka kichwa, ukifunge kwa uzi kwenye bati. Zifungashe zikiwa kavu kabisa, na kama uliziosha usiku wa kuamkia safari, zibebe nje ya mfuko kwanza.